Margaret McMillan, aliyepigania viwango vya malezi ya watoto wadogo Uingereza

Vituo vya malezi ya watoto wadogo nchini England hufanya kazi leo chini ya masharti ya taifa yaliyoanza kutumika mwaka 2008. Idadi ya watoto kwa kila mlezi imewekewa kikomo, chakula kinachotolewa hakina budi kuwa bora kwa afya, na kila siku watoto wapate nafasi ya kutoka nje. Masharti hayo ni ya karibuni, lakini hoja iliyoyazaa ina zaidi ya karne moja. Miongoni mwa walioipigania kwa muda mrefu ni Margaret McMillan.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1860 katika jimbo la New York, Marekani, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Scotland. Alipokuwa na umri wa miaka mitano, maradhi ya homa na vipele yaliingia nyumbani mwao, yakamwua baba yake na mdogo wake wa kike. Margaret alipona, lakini akapoteza uwezo wa kusikia, na haukumrudia hadi alipofika miaka 14. Mama mjane aliwachukua mabinti wawili waliosalia, Rachel na Margaret, akarejea nao kwa wazee wake mjini Inverness.

Mwaka 1893 Margaret alihamia Bradford, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa England. Huko aliwakuta watoto waliogawa siku yao kati ya kiwanda na darasa, wengi wakifika shuleni na njaa, wachafu na wagonjwa. Mwaka uliofuata alichaguliwa katika bodi ya shule ya mji kwa tiketi ya chama kipya cha wafanyakazi, Independent Labour Party. Aliwaambia wenzake kwamba kumfundisha mtoto mwenye njaa ni kupoteza fedha za umma. Mwaka 1897 mabafu yalijengwa katika shule moja ya mji huo, na mwaka 1899, akishirikiana na daktari James Kerr, alisimamia ukaguzi wa afya za wanafunzi, ambao hutajwa kuwa wa kwanza wa aina yake nchini.

Mwaka 1902 sheria mpya ya elimu ilizifuta bodi za shule na kuyapa madaraka yake mabaraza ya serikali za mitaa, ambayo wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kuyagombea. Kwa hiyo Margaret alikipoteza kiti chake. Alikwenda kuishi na Rachel, aliyekuwa akifundisha masuala ya usafi na afya katika eneo la Kent, na kutoka hapo wawili hao wakaanza kuwashawishi wabunge na mawaziri.

Matokeo yalionekana, ingawa kwa nusu nusu. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu mamlaka za mitaa kuwalisha wanafunzi, lakini haikuzilazimisha. Sheria ya mwaka 1907 ililazimisha wanafunzi wakaguliwe afya, lakini haikulazimisha watibiwe. Daktari aliweza kuandika kwamba mtoto ana masikio yanayotoka usaha au meno yaliyooza, kisha mtoto akarudi nyumbani na maradhi yake.

Dada hao waliamua kuliziba pengo hilo wenyewe. Kwa msaada wa fedha za Joseph Fels, Mmarekani mwenye kiwanda cha sabuni, walifungua zahanati ya watoto wa shule katika eneo la Bow, mashariki mwa London, mwaka 1908, na mwaka 1910 wakaihamishia Deptford, mtaa wa mafukara kusini mwa mto Thames. Maelfu ya watoto walitibiwa. Hata hivyo, Rachel alibaini kwamba wengi walirudi baada ya muda mfupi na ugonjwa uleule, kwa kuwa vyumba walivyolala vilikuwa na msongamano na havikuwa na hewa.

Ndipo tiba ikageuka kuwa malezi. Mwaka 1914 walifungua shule ya watoto wadogo iliyokuwa ndani ya bustani: mabanda yaliyo wazi kuruhusu hewa, maji ya kuoga, milo kamili, usingizi wa mchana, michezo na mimea ya kutunzwa na watoto wenyewe. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ilichangia gharama za watoto ambao mama zao walifanya kazi katika viwanda vya silaha. Rachel hakuuona mwisho wa vita hivyo. Alifariki mwezi Machi 1917.

Mwaka 1918 bunge liliziruhusu mamlaka za mitaa kugharamia shule za watoto wa kuanzia miaka miwili. Kwa mara nyingine sheria iliruhusu bila kulazimisha, na bajeti ya elimu ilipokatwa miaka michache baadaye, mamlaka nyingi hazikujenga chochote.

Katika miaka yake ya mwisho, Margaret alisisitiza zaidi suala la mwalimu. Alipinga dhana kwamba mtu yeyote mwenye upole anatosha kulea watoto wadogo, akataka walimu wao wasome miaka mitatu kamili. Mwaka 1923 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kutetea shule hizo. Mwaka 1930 Malkia Mary alifungua rasmi chuo cha ualimu huko Deptford, ambacho Margaret alikipa jina la dada yake.

Alifariki mwezi Machi 1931, shule za aina aliyoianzisha zikiwa bado chache nchini. Alizikwa pamoja na Rachel. Shule yao ya Deptford ingali inapokea watoto, na bustani yake bado ni sehemu ya masomo.