McIndoe: Bingwa wa kurekebisha sura aliyejali usingizi na uuguzi kuliko kisu

JINA la Amref linafahamika kuanzia Nairobi hadi Lilongwe, na wengi wakilisikia hukumbuka ndege ndogo za madaktari zinazotua vijijini. Ni wachache wanaojua kwamba mmoja wa watu watatu walioanzisha huduma hiyo alikuwa bingwa wa kurekebisha sura za watu, na kwamba alikuwa na shamba chini ya Mlima Kilimanjaro.

Huyo ni Sir Archibald McIndoe, aliyefariki mwaka 1960. Maisha yake yanafaa kukumbukwa wakati huu ambapo upasuaji wa kupunguza tumbo, kuondoa mafuta, kuongeza makalio au kunyoosha pua unatangazwa kwenye simu kama bidhaa nyingine yoyote, na wapo wanaouchanganya na safari ya kwenda kununua mzigo.

Jambo moja linaonekana katika kazi yake yote: kisu ni sehemu ndogo ya upasuaji. Kuna usingizi kabla ya kisu na kuna uuguzi baada yake, na huko ndiko maisha ya mgonjwa hupona au hupotea.

Mtoto wa mchapaji

McIndoe alizaliwa Mei 4, 1900 katika mji wa Dunedin, New Zealand. Baba yake alikuwa mchapaji na mama yake, Mabel Hill, alikuwa msanii wa kuchora. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, kisha mwaka 1924 akapata nafasi ya kwenda Marekani katika hospitali maarufu ya Mayo Clinic.

Mwaka 1930 alihamia London akiwa na matumaini ya kupata kazi nzuri, lakini alipofika hakuikuta. Aliyemwokoa ni ndugu yake, Sir Harold Gillies, daktari aliyejipatia sifa kwa kutengeneza upya nyuso za askari walioumia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Gillies alimchukua, akamfundisha kazi hiyo, na McIndoe akaacha upasuaji wa kawaida.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika hospitali ya Gillies mjini Sidcup, wataalamu wa usingizi walikumbana na tatizo kubwa. Zamani dawa ya usingizi ilitolewa kwa kufunika uso wa mgonjwa. Sasa utafunikaje uso ambao daktari anataka kuushona?

Madaktari wawili wa usingizi, Ivan Magill na Stanley Rowbotham, walilitatua kwa kuboresha njia ya kupitisha mpira laini hadi kwenye koo la hewa, mgonjwa akapumua kwa usalama huku uso ukibaki wazi. Mpira wa aina hiyo leo unatumika katika vyumba vya upasuaji duniani kote. Kwa hiyo usalama wa nusu kaputi unaidai sana kazi ya kurekebisha sura.

Marubani walioungua

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza nzima ilikuwa na mabingwa wanne tu wa upasuaji huo waliofanya kazi hiyo peke yake. McIndoe alipelekwa katika Hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London, kuwatibu wanajeshi wa anga.

Wengi wa vijana hao walikuwa wameungua uso na mikono baada ya mafuta ya ndege kulipuka. Tiba ya wakati huo ilikuwa kupaka kidonda dawa ya taniki iliyokifanya kiwe kigumu kama ngozi ya kiatu. Vidole vilijikunja na kope zikavutika hata macho yasifunge.

McIndoe alitambua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu. Akaipinga dawa ile, akaanza kuwaogesha wagonjwa katika maji ya chumvi ya uvuguvugu. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuwapandikizia ngozi, kidogo kidogo, kwa miezi na hata miaka. Wapo waliopasuliwa mara 20 na zaidi.

Msomaji afikirie maana yake. Kupasuliwa mara 20 ni kulazwa usingizi mara 20, tena kwa watu ambao midomo na shingo zao zilikuwa zimekazwa na makovu, hivyo hata kuupitisha mpira wa hewa ni kazi ngumu. McIndoe asingeweza kufanya lolote bila mtaalamu wake wa usingizi, Dk. John Hunter, mtu mnene mwenye mizaha mingi.

Inasimuliwa kwamba Hunter aliwaahidi wagonjwa kuwa yeyote atakayeamka akitapika atanunuliwa bia. Ulikuwa utani, lakini ndani yake mlikuwa na ukweli: daktari wa usingizi alimjua kila mgonjwa kwa jina na aliwajibika kwa namna alivyoamka. Daktari wa kisu alishughulika na kisu, na mwenzake alishughulika na pumzi. Hakuna aliyefanya kazi zote mbili.

Mji usiokodoa macho

Sifa kubwa zaidi ya McIndoe ilitokana na yale yaliyotendeka baada ya upasuaji. Katika wodi namba 3, iliyokuwa kibanda cha mbao, alifuta taratibu nyingi za kijeshi. Maofisa na askari wa kawaida walilala pamoja. Waliruhusiwa kuvaa nguo zao, na pipa la bia liliwekwa humo humo.

Aliwaendea wakazi wa mji akawaomba wawapokee vijana hao majumbani na kwenye baa bila kuwashangaa. Wakazi waliitikia, hata East Grinstead ikapata sifa ya mji ambao watu wake hawakodolei macho.

Mwaka 1941 wagonjwa hao walianzisha chama chao, wakajiita Guinea Pig Club, yaani chama cha wanyama wa majaribio, kwa kuwa mengi waliyofanyiwa hayakuwahi kufanywa kabla. Hadi vita inamalizika kilikuwa na wanachama 649. Chama hicho kiliendelea kukutana kila mwaka hadi 2007, miaka 47 baada ya daktari wao kufariki.

Hata hivyo McIndoe hakuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kiburi na mwepesi wa kugombana na wakubwa wa jeshi. Lakini ugomvi wake mara nyingi ulihusu haki za wagonjwa, ikiwa ni pamoja na muda wa kutosha wa kupona kabla ya kuondolewa jeshini.

Kutoka London hadi Kilimanjaro

Alipewa heshima ya Sir mwaka 1947. Baada ya vita alifungua huduma binafsi London, na miongoni mwa wateja wake walikuwapo matajiri waliotaka pua nzuri au uso usio na mikunjo. Hakuona aibu kufanya kazi ya urembo.

Utajiri huo ndio uliomwezesha kununua shamba Tanganyika, jirani na Kilimanjaro. Huku alikutana tena na mwanafunzi wake, Dk. Michael Wood, aliyekuwa amehamia Kenya mwaka 1947. Wa tatu alikuwa Dk. Thomas Rees, Mmarekani aliyepitia East Grinstead na ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mashuhuri wa upasuaji wa urembo mjini New York.

Watatu hao waliona watu waliokunjamana kwa makovu ya moto na watoto wenye midomo iliyopasuka wakiishi mamia ya kilomita kutoka kwa daktari aliyeweza kuwasaidia. Mwaka 1957 wakaanzisha huduma ya madaktari wanaoruka kwa ndege, ambayo ndiyo Amref ya leo yenye makao makuu Nairobi na ofisi katika nchi kadhaa, Malawi ikiwamo.

Huduma hiyo ilikuwa na shida yake. Daktari akishapasua na kuruka, mgonjwa anabaki kijijini na muuguzi. Nani atajua kidonda kikianza kuoza? Ndiyo maana katika miaka ya 1960 Amref ilifunga redio za mawasiliano katika hospitali na zahanati za mbali, ili muuguzi aweze kumuuliza daktari na kupata jibu.

McIndoe hakuyaona matunda hayo. Alifariki usingizini kwa ugonjwa wa moyo Aprili 11, 1960 akiwa na umri wa miaka 59. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa la jeshi la anga la Uingereza mjini London, St Clement Danes, heshima isiyo ya kawaida kwa mtu ambaye hakuwa mwanajeshi. Dk. Wood aliendeleza kazi hadi miaka ya 1980, akafariki mwaka 1987.

Fundisho kwa wasafiri

Tatizo la madaktari wale lilikuwa daktari kuruka na mgonjwa kubaki. Kwa mfanyabiashara wa leo mambo yamegeuka: daktari anabaki mjini, na mgonjwa anapanda basi na kidonda chake. Anavuka Songwe au Mchinji usiku, akiwa amekaa kiti kimoja kwa saa nyingi, na akifika Dzaleka au Lilongwe hakuna anayejua alifanyiwa nini.

Hatari yake si ya kubuni. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini, na mamlaka zikaifunga kliniki iliyomhudumia.

Anayekusudia upasuaji wa namna hiyo aulize kwanza nani atamlaza usingizi. Awe mtu aliyesomea kazi hiyo, na asiwe yule yule anayepasua. Malawi sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na maofisa tabibu waliofunzwa usingizi, na hilo si kasoro. Kasoro ni kliniki isiyo na mtu huyo kabisa, isiyo na oksijeni, wala kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha kiwango cha oksijeni kwenye damu.

Hata sindano ya ganzi inataka uangalizi, kwa sababu ganzi ikizidi kipimo inaweza kuleta degedege na kusimamisha moyo.

Mgonjwa naye aseme ukweli wote: pumu, shinikizo la damu, sukari, mimba, sigara, pombe, vidonge na miti shamba. Asile chakula kwa saa sita kabla ya usingizi, na maji matupu yakome saa mbili kabla. Anayedanganya kuhusu uji aliokunywa asubuhi anaweza kuutapika akiwa amelala, ukaingia mapafuni.

Akiamka, akae na mtu mzima wa kumwangalia kwa saa 24. Muda huo asiendeshe gari, asinywe pombe, na asifanye biashara ya fedha, kwa kuwa akili bado haijatulia.

Safari ndefu isifanyike mpaka daktari airuhusu. Baada ya upasuaji mkubwa damu huganda kwa urahisi miguuni, na kukaa kwenye basi huongeza hatari. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukatika, ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Vivyo hivyo homa, usaha na kidonda chenye harufu.

Zaidi ya yote, asiondoke bila karatasi yenye jina la upasuaji, tarehe, dawa alizopewa na simu ya daktari. Karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia mhudumu wa kituo cha afya cha Dzaleka au daktari wa Hospitali Kuu ya Kamuzu, ambaye hakuwapo kisu kilipopita. Kwa anayerejea Kongo au Burundi umuhimu wake ni mkubwa zaidi, kwani huko atakutana na daktari mwingine na lugha nyingine.

Anayehesabu gharama za kubadili umbo, basi ahesabu pia siku za kulala karibu na daktari wake. Kama fedha za siku hizo hazipo, fedha za upasuaji bado hazijatimia.