Emin Pasha: Daktari asiyeona mbali aliyeanzisha kituo cha Bukoba

Kila Novemba mvua zikikolea, watu wa Bukoba na Muleba hukesha kwenye taa wakikamata senene. Mwezi huohuo, mwaka 1890, mgeni mwembamba mwenye miwani alianzisha kituo cha Wajerumani hapo Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Naye alikuwa mkamataji wa viumbe, ila hakuwa akitafuta kitoweo.

Huyo ni Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, daktari kutoka familia ya Kiyahudi, aliyezaliwa 1840 mjini Oppeln, ambao leo uko Poland.

Mwaka 1878 akawa gavana wa Ekwatoria, jimbo la kusini mwa Sudan chini ya Misri. Vita vya Mahdi vikamfungia njia ya kutoka. Wakati Ulaya inahangaika kumwokoa, mwenyewe yuko bize: anachuna ngozi za ndege, anapima mabawa, anaandika. Ndege na vipepeo wake walifika hadi London.

Stanley alimfikisha Bagamoyo Desemba 1889. Ikaandaliwa karamu. Usiku huo Emin, kwa sababu ya macho yake mabovu, alianguka kutoka dirisha la ghorofani, akapasuka fuvu. Nusura afe.

Wengi walidhani sasa atarudi kwao. Wapi! Aprili 1890 alishika tena njia ya bara, safari hii kwa kazi ya serikali ya Kijerumani. Alikuwa na mtaalamu wa wanyama, Franz Stuhlmann, ambaye huko pwani alikuwa ameshakusanya hata buibui.

Hapa lazima tuseme ukweli. Emin hakutumwa kuokota wadudu. Alitumwa kusimika bendera, kwenye nchi ya Wahaya iliyokuwa na wafalme wake. Sanduku la ndege na bendera vilisafiri kwenye msafara mmoja.

Februari 1891 aliondoka Bukoba, akapita Karagwe kuelekea magharibi. Njiani ndui ikaukumba msafara, na macho yake yalikuwa yanazidi kufifia. Akamwamuru Stuhlmann arudi na wale wazima. Yeye akabaki na wagonjwa.

Stuhlmann alifika Bukoba salama mwaka 1892. Oktoba mwaka huohuo Emin aliuawa huko Kongo, kwa amri ya mmoja wa wakubwa wa biashara ya watumwa. Alikuwa na miaka 52.

Leo jina lake limebaki kwenye wanyama. Kuna spishi ya panya buku inayoitwa Cricetomys emini, na yupo shomoro aliyepewa jina lake. Lakini ni nadra kukuta jina la mpagazi aliyebeba masanduku hayo kichwani, mwezi baada ya mwezi, hadi pwani.