Sanduku Lisilofika Si Zawadi

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii tunaifundisha kila mwaka madarasani. Nami nimeifundisha mara nyingi bila ya kuuliza swali moja dogo: je, hicho kilichotolewa kilimfikia nani?

Swali hilo lilinijia kwa njia ya aibu. Mnamo Oktoba mwaka wa 2011, wanajeshi wetu walipovuka mpaka na kuingia Somalia, wanafunzi wa shule niliyokuwa nikifundisha waliingiwa na ari ya kuwakumbuka. Walichanga sabuni, soksi, dawa ya meno, majani ya chai na biskuti, wakaandika na kadi za kuwatakia heri. Tulijaza masanduku manne, tukaimba, tukapigwa picha. Muhula wa pili wa mwaka uliofuata niliingia stoo kutafuta chaki, nikayakuta masanduku yale yale pale pale. Panya walikuwa wamemaliza biskuti na kuzitafuna kadi. Hakuna aliyeiba chochote. Kila mmoja wetu alidhani kwamba mwenzake ameulizia namna ya kuyapeleka. Mimi ndimi niliyekuwa mwalimu msimamizi, kwa hivyo lawama ya kwanza ni yangu.

Tangu siku hiyo nimeyarejea mara kwa mara maisha ya mwanamke mmoja wa Marekani, naye alikuwa mwalimu kama sisi. Jina lake Clara Barton. Wengi humjua kuwa mwasisi wa Msalaba Mwekundu wa nchi yake. Ni wachache wanaokumbuka kwamba safari yake ilianza kwa vifurushi vya askari.

Clara alizaliwa tarehe 25 Desemba mwaka wa 1821 katika mji mdogo wa Oxford, jimbo la Massachusetts, akiwa kitinda mimba wa watoto watano. Alikuwa na haya nyingi. Kaka yake David alipoanguka kutoka juu ya paa la ghala, Clara, akiwa bado mtoto, alimuuguza kwa muda wa karibu miaka miwili. Akiwa na umri wa miaka 17 alianza kufundisha. Mwaka wa 1852 alifika Bordentown, katika jimbo la New Jersey, akakuta watoto wanarandaranda mitaani. Alianzisha shule ya bure akiwa na wanafunzi sita, nao wakaongezeka hadi kufikia mamia. Jengo jipya lilipokamilika, halmashauri ya shule ilimwajiri mwanamume awe mkuu wake, kwa mshahara mkubwa kuliko wake. Clara aliondoka, akaenda Washington na kuwa karani katika idara ya serikali iliyosajili uvumbuzi.

Huko ndiko Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilikomkuta. Tarehe 19 Aprili mwaka wa 1861, kikosi cha askari kutoka Massachusetts kilishambuliwa na umati wa watu mjini Baltimore kikiwa njiani kwenda kuulinda mji mkuu. Vijana hao walifika Washington bila ya mizigo yao, wakalazwa ndani ya jengo la Bunge, katika ukumbi wa Seneti. Clara alikwenda kuwatazama, na miongoni mwao akawakuta vijana aliowajua tangu utotoni, wengine wakiwa wanafunzi wake wa zamani.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Clara hakuanza na wazo la taifa wala bendera. Alianza na nyuso alizozitambua. Aliwatazama, akaona wanachokosa, akaenda kukileta: chakula, sindano na nyuzi, na mashuka makuukuu aliyoyachana yawe vitambaa vya kujipangusia. Kisha aliandika katika gazeti la mji wa Worcester akiwaomba watu wa nyumbani wachange. Masanduku yalimiminika: jamu, sabuni, soksi, mashati na bendeji. Chumba chake kilijaa, ikambidi atafute maghala.

Lakini maghala yaliyojaa hayakumtuliza. Aliwaona majeruhi wakiletwa Washington baada ya siku nyingi njiani, vidonda vyao havijasafishwa. Aling'amua kwamba haja ilikuwa kule vitani, ilhali misaada ilikuwa mjini. Masanduku mengi yaliyotumwa na jamaa wakati huo yalicheleweshwa njiani hata vyakula vikaoza. Kwa hivyo aliomba ruhusa ya kuyapeleka mwenyewe. Haikuwa rahisi, kwa sababu jeshi halikutaka mwanamke penye mapigano. Alibisha mlango baada ya mlango hadi alipopata vibali pamoja na magari ya kukokotwa na nyumbu katika kiangazi cha mwaka wa 1862.

Mwezi wa Septemba mwaka huo majeshi yalikutana Antietam, katika jimbo la Maryland. Msafara wa magari ya jeshi ulikuwa mrefu, na magari ya dawa yalikuwa nyuma kabisa. Clara aliwaamrisha waendeshaji wake wasafiri usiku wengine wakiwa wamelala, ili asubuhi wawe wametangulia mbele. Alipofika, aliwakuta madaktari wakifunga vidonda kwa majani ya mahindi kwa kuwa bendeji zilikuwa zimewaishia. Jua lilipokuchwa walikuwa hawana hata mshumaa wa kufanyia upasuaji, naye akatoa kandili alizokuwa amezipakia. Chakula kilipokwisha, walifungua masanduku ya mwisho na kukuta chupa zimezungushiwa unga wa mahindi badala ya vumbi la mbao. Aliupika unga ule ukawa uji, majeruhi wakanywa. Siku hiyo hiyo risasi ilipenya mkono wa nguo yake na kumuua askari aliyekuwa akimpa maji.

Mwalimu mwenzangu, nimeutafakari sana uji ule. Aliyelipakia sanduku lile hakujua kwamba hata unga wa kukingia chupa ungeokoa maisha. Hata hivyo, sanduku lilifika likafunguliwa mahali penye njaa, nacho chote kilichokuwamo kikapata kazi.

Vita vilipoisha mwaka wa 1865, kazi ya Clara haikuisha. Akina mama na wake wa askari walikuwa wakimwandikia kuulizia watu wao waliopotea. Kwa idhini ya Rais Lincoln, alianza kuwatafuta, na afisi yake ndogo mjini Washington ilipokea barua zaidi ya 63,000. Zaidi ya askari 22,000 walijulikana yaliyowapata. Katika kiangazi hicho alikwenda Andersonville, jimbo la Georgia, palipokuwa na kambi ya wafungwa wa vita. Aliandamana na Dorence Atwater, kijana aliyekuwa mfungwa huko na kunakili kwa siri orodha ya waliofariki. Kwa orodha hiyo, makaburi karibu 13,000 yaliandikwa majina. Mkono uliokuwa ukiandika majina juu ya vifurushi sasa uliyaandika juu ya vibao vya makaburi. Mwaka wa 1996 fundi mmoja alikuta darini mwa jengo hilo la Washington barua, nguo na kibao cha afisi yake. Leo mahali hapo ni jumba la makumbusho.

Clara alikwenda Ulaya mwaka wa 1869, akajifunza habari za Msalaba Mwekundu mjini Geneva. Mwaka wa 1881 aliunda chama hicho nchini mwake. Mwaka wa 1898 Marekani ilipopigana na Uhispania, aliabiri meli ya State of Texas iliyosheheni misaada hadi Cuba. Alikuwa na umri wa miaka 76. Askari walikuwa ng'ambo, wakiugua homa na kukosa chakula cha wagonjwa. Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa rais, alikuja kutaka kuwanunulia watu wake mahitaji. Aliambiwa haviuzwi, aviombe tu. Akaviomba, akatwika gunia begani na kurudi nalo kambini.

Haifai kumfanya malaika. Clara alipenda kushika kila kitu kwa mikono yake, hakuwaachia wengine kazi, na uwekaji wake wa hesabu ulilalamikiwa. Malalamiko hayo yalichangia kumwondoa uongozini mwaka wa 1904. Alifariki tarehe 12 Aprili mwaka wa 1912 akiwa na umri wa miaka 90. Ukaidi uliomvusha hadi Antietam ndio huo huo uliomponza uzeeni.

Nikilinganisha masanduku yake na yetu manne, sioni tofauti ya moyo. Watoto wetu walitoa kwa moyo safi, na wengine walitoa sabuni iliyohitajika nyumbani kwao. Tofauti ni kwamba Clara aliuliza kabla ya kupakia: nani atapokea, anakosa nini hasa, na nani atalifikisha? Asipopata jibu, alikwenda mwenyewe kulitafuta. Sisi tuliridhika na picha.

Niliwasimulia wanafunzi wangu ukweli wa masanduku yale mbele ya gwaride la asubuhi. Lilikuwa jambo gumu, lakini nisingeweza kuwafundisha methali ile tena nikiwa nimelificha. Tangu hapo, kila tunapochanga, kwa ajili ya askari au wa mafuriko au wa njaa, mwanafunzi mmoja huteuliwa kufuatilia mchango hadi aliyepokea athibitishe kwa maandishi. Ninawaomba walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo. Nanyi wanafunzi, mnapotuona wakubwa wenu tukipigwa picha kando ya masanduku, tuulizeni kwa adabu yanaondoka lini.