Marin Mersenne: Padri aliyekosea mara tano, akaiachia hesabu kazi ya miaka 300

Mwanzoni mwa Septemba, wanafunzi wa Likasi wanaporudi darasani, hutimia pia kumbukumbu ya kifo cha Marin Mersenne, padri Mfaransa ambaye jina lake limebaki katika hesabu. Alifariki Paris tarehe 1 Septemba 1648, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 60.

Mersenne alizaliwa mwaka 1588 katika familia ya wakulima, jimbo la Maine. Alisoma kwa Wajesuiti huko La Flèche, na mwaka 1611 akaingia shirika la watawa Waminimi. Kuanzia 1619 makazi yake yalikuwa Paris. Zama hizo hapakuwa na majarida ya sayansi, hivyo chumba chake kikawa kama posta ya wataalamu. Descartes, Fermat na wengine walimwandikia, naye akasambaza waliyogundua.

Swali moja lilimshughulisha sana. Zidisha 2 tano kwa pamoja, upate 32. Toa 1, inabaki 31, namba tasa, ile ambayo shuleni huitwa nombre premier: haigawanyiki ila kwa 1 na yenyewe. Lakini 2 zikiwa kumi na moja, jibu ni 2047, yaani 23 mara 89. Je, ni lini jibu huwa tasa?

Mwaka 1640 Fermat alimpa njia ya mkato. Idadi ya 2 ikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, usihangaike na kila kigawo. Chukua maradufu ya idadi hiyo, tafuta vigawe vyake, ongeza 1. Kwa 37, maradufu ni 74, basi utajaribu 75, 149, 223. Hapo hapo 223 inagawa namba hiyo ya tarakimu 12 bila baki.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya idadi zinazotoa namba tasa, hadi 257. Hakuweza kuzikagua zote, lakini heshima yake iliifanya orodha iaminike kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba 67 haifai, bila kupata vigawo. Mwaka 1903, huko New York, Mmarekani Frank Nelson Cole alivionyesha: 193707721 na 761838257287.

Ukaguzi ulikamilika mwaka 1947. Mersenne aliingiza kimakosa 67 na 257, akaacha 61, 89 na 107.

Hata hivyo namba hizi zinaitwa kwa jina lake. Oktoba 2024 ilitangazwa iliyo kubwa kuliko zote zinazojulikana, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41. Kompyuta zinazoendelea na msako huo bado huanza kwa kuchuja kwa kanuni ile ile ambayo Fermat alimwandikia Mersenne.