John Gibbon na Damu Iliyotoka Nje ya Mwili

Juzi nilipanda matatu kutoka Kitengela, ninakokaa kwa binti yangu, nikaenda Kajiado kuwaamkia wakwe zake. Nikawakuta wanamtoa damu fahali: mshale mmoja shingoni, kibuyu chini, na kijana akikoroga kwa kijiti bila kupumzika. Mzee mwenye boma akaniambia kwamba mkono ukisimama tu, damu huganda ikawa kama ini. Hapo nikamkumbuka Daktari John Gibbon wa Philadelphia, kwani jambo hilo hilo lilimsumbua miaka mingi.

Gibbon alizaliwa 1903 katika ukoo wa matabibu. Ujanani alitaka kuuacha udaktari awe mwandishi, lakini baba yake akamsihi amalize masomo kwanza. (Sisi washairi tulipoteza mmoja, yule baba hatumlaumu.)

Mwaka 1931, mjini Boston, aliwekwa usiku kucha kando ya mwanamke aliyepatwa na donge la damu mapafuni baada ya kupasuliwa. Kazi yake ilikuwa kumpima mshipa na pumzi. Kulipokucha wakubwa zake wakalitoa donge kwa dakika sita na nusu tu, na mama wa watu asiamke tena. Dada yangu mkubwa naye alikwenda kwa donge kama hilo, siku nane baada ya kujifungua, basi saa hizo za kungoja nazijua. Gibbon alitoka na wazo moja: lau damu ile nyeusi ingetolewa mshipani, ikatiwa hewa nje, kisha ikarudishwa, moyo na mapafu vingepumzika mganga akafanya kazi yake.

Wakubwa hawakulipenda wazo hilo. Akamwoa Mary Hopkinson, msaidizi wa maabara, na usiku wakawa wanazunguka mitaani na chambo cha samaki na gunia, wakinasa paka wa majaribio. Mwaka 1935 paka mmoja akaishi kwa mashine. Vita vikaingia. Baadaye kampuni ya IBM ikampa mainjinia. Mgonjwa wa kwanza, mtoto mchanga, alifariki 1952. Tarehe 6 Mei 1953 msichana wa miaka 18 akazibwa tundu la moyoni. Kwa dakika 26 aliishi kwa mashine peke yake, akapona.

Julai watoto wawili wakafa, na Gibbon akaiacha. Wengine wakaiendeleza, na leo mtu akibadilishwa mapafu huenda akaunganishwa na mjukuu wa mashine ile. Mwenyewe alifariki Februari 1973, akicheza tenisi, kwa maradhi ya moyo.

Mzee akaniuliza Wazungu hao walikoroga kwa kijiti gani. Nikamjibu kwa dawa iitwayo heparini, ambayo kwa miaka mingi ilitolewa katika mapafu ya ng'ombe. Akawatazama ng'ombe wake kitambo, kisha akamkemea kijana aliyekuwa amesimamisha mkono ili atusikilize.