Bwana Storey wa Amani na Mihogo Yake

Mkulima wa Olasiti aonaye majani ya mahindi yake yametoka milia myeupe, hufahamu ya kuwa hapo hatavuna sana. Aliyefumbua habari ya ugonjwa huo ni Bwana Harold Haydon Storey, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1894. Katika miaka ya 1920, akiwa Durban, Afrika ya Kusini, alithibitisha ya kuwa huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye, afyonzaye maji ya majani.

Mwaka 1928 akaja Amani, katika milima ya Usambara, kwenye chuo cha uchunguzi wa ukulima kilichoanzishwa na Wadachi mwaka 1902. Huko aliona ajabu: wadudu wengine wa aina ile ile hawakuweza kuambukiza, na hali hiyo waliirithi kwa wazazi. Akatwaa sindano nyembamba mno, akawatoboa matumbo. Nao wakaanza kuambukiza. Kumtoboa mdudu aliye mdogo kuliko punje ya mchele, asife, si kazi ya mtu wa haraka.

Lakini kazi yake iliyo kubwa ni ya mihogo. Batobato ilikuwa ikikunja majani na kudhoofisha mizizi, na muhogo ndio akiba ya watu mvua ikosapo. Inzi wadogo weupe huueneza ugonjwa ule. Tena mkulima akatapo pingili katika shina lenye ugonjwa, huupanda pamoja na mbegu yake.

Basi katika miaka ya 1930 Bwana Storey na mwenzake, Bwana R. F. W. Nichols, waliugeukia mpira, ule mti ulio jamaa ya muhogo, ambao asili yake ni Brazili. Wadachi waliupanda kwa ajili ya utomvu. Sisi twaujua zaidi kwa kisamvu chake. Mpira hustahimili batobato, ila mizizi yake haifai chakula. Wakachukua chavua ya ua la mmoja wakaitia katika ua la mwenzake. Wazao wa kwanza walikuwa na nguvu, lakini mizizi yao ilikuwa ya mti. Ikabidi kuwarudisha kwa muhogo mara ya pili, na ya tatu, na kila mara kungoja mimea ikue, kuwatupa walioshindwa na ugonjwa, na kuanza tena na wachache waliosalia.

Baadaye Bwana Storey alifanya kazi Muguga, katika Kenya, na Bwana D. L. Jennings akaishika kazi ya mihogo. Bwana Storey alifariki mwaka 1969. Mbegu za Amani zilikwisha kupelekwa Nigeria katika miaka ya 1950. Na chuo cha Ibadan, kilipotafuta mihogo yenye kustahimili batobato katika miaka ya 1970, kilianza na uzao wa mbegu zile.