Marehemu Zuberi Mtemvu na Kura za Wachache

Kila uchaguzi ukaribiapo, wako wanaouliza vyama vidogo vyafaa nini, maadam havina tumaini la kushinda. Jibu twalipata katika maisha ya marehemu Bwana Zuberi Mtemvu.

Bwana Mtemvu alikuwa mmoja wa makatibu wa mwanzo wa TANU. Januari 1958 chama kilikutana Tabora, kikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Yeye alikataa, akajitenga, akaanzisha chama cha African National Congress, kilichodai Tanganyika iwe ya Waafrika peke yao.

Dai hilo hatuliungi mkono, kwani Mungu hakuwapanga watoto wake kwa rangi. Wananchi nao hawakulipokea: katika uchaguzi wa 1960 chama chake kilipata kura 337 tu nchi nzima. Hata hivyo, Novemba 1962 alisimama kushindana na Mwalimu Nyerere kwa cheo cha Rais. Akapata kura 21,276, yaani pungufu ya mbili katika kila mia.

Je, alijisumbua bure? Hatudhani hivyo. Kwa kuwako kwake, wananchi waliwekewa watu wawili, wakachagua mmoja kwa hiari. Ushindi wa Mwalimu ulipata uzito kwa sababu waliotaka kumkataa waliweza kumkataa.

Januari 1963 TANU iliamua nchi iwe ya chama kimoja, naye Bwana Mtemvu akarudi TANU. Aprili mwaka ule ule Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris, alifundisha ya kuwa kila raia ana haki ya kushiriki katika mambo ya taifa lake. Vyama vingi vilirudi 1992, baada ya Tume ya Jaji Francis Nyalali. Wengi waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ilizipima pia hoja za wachache, ikazikubali.

Sisi tulio Bigwa twajua hasara ya kutowasikiliza watu. Mwaka 1955 serikali ya kikoloni iliwashurutisha Waluguru kulima kwa matuta ya ngazi milimani. Manung'uniko yao yakapuuzwa, ghasia zikazuka, na mtu akauawa.

Basi, wazazi Wakristo, wafundisheni watoto wenu wasimcheke apataye kura chache. Anaweza kuwa amekosea, kama Bwana Mtemvu alivyokosea. Lakini siku atakapozuiwa kusimama, hata kura ya aliye wengi itakuwa imepungukiwa thamani.